Siku za posho kule Ubelgiji



Tangu niliporudi kutoka Ubelgiji, vijana wananiuliza mambo matatu, kila mara yale yale: theluji iko namna gani, feza inapatikana namna gani, na je, masomo ni magumu? Juu ya theluji nawajibu upesi: siku ya kwanza ni nzuri, siku ya pili ni matope. Juu ya feza na masomo nitasema kidogo hapa chini. Lakini kuna ulizo moja ambalo hakuna kijana aliyeniuliza hata siku moja, nalo njo lenye kunifunza kupita yote: siku ambazo hakuna masomo, ulikuwa unazifanya nini?

Leo nataka kuwaeleza siku zangu za posho na siku zangu za Mungu kule Bulaya, kwa miaka 2 niliyosoma, tangu mwezi wa 9 wa 2011 mpaka mwezi wa 9 wa 2013.

Mji unaobaki mtupu

Nilisoma uchumi kwenye iniversite ya Louvain-la-Neuve. Ni mji wa ajabu kidogo. Louvain ya zamani ni mji wa Waflama, na iniversite yake ilianza mwaka 1425. Lakini mwaka 1968 ugomvi wa lugha kati ya Waflama na wasemaji wa kifaransa ulikuwa mkali mpaka serikali ya Ubelgiji ikaanguka. Iniversite ikagawanyika pande mbili. Wale wa kifaransa wakaenda kujenga mji mpya katikati ya mashamba. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1971. Kwa hiyo kule hauoni nyumba ya babu wa mtu. Motokari zinapita chini, watu wanatembea juu kwa miguu, na treni inaingia chini ya mji sawa vile panya katika shimo.

Siku ya tano saa ya jioni, unasikia mlio mmoja tu katika mji mzima: magurudumu ya masanduku juu ya mawe ya njia. Ni wanafunzi Wabelgi wanaorudi kwao. Wanabeba nguo chafu kwa mama yao. Siku ya Mungu jioni wanarudi na nguo safi na chakula katika vyungu. Mji unabaki mtupu. Wanaobaki ni Wakongo, Wakameruni, watu wa Burkina Faso, wa Vietnam, wa Benin. Sisi ambao kwa mama ni mbali.

Nilikaa katika nyumba ya wanafunzi 6. Kila mmoja na chumba chake, chumba ambacho Wabelgi wanakiita kot, na jikoni moja kwa wote. Siku za juma tulikuwa tunagombea masufuria. Siku ya posho nilikuwa peke yangu na friji inayonguruma. Miezi ya kwanza nililala tu. Nilikuwa naamka saa 11 ya mchana kwa saa zao, nje mvua, ndani kimya. Mimi niliyekulia katika kambi ya wachimbaji, ambamo ukikohoa usiku jirani anakupa pole asubui, sikujua kama kimya kinaweza kumletea mtu ugonjwa.

Mwanafunzi mmoja wa Burkina Faso, mwenye kunitangulia mwaka mmoja, alinikuta hivyo siku moja. Akafungua pazia na kuniambia: "Mdogo wangu, masomo yatakupa diplome. Lakini ukilala siku zote hizi, utarudi kwenu bila kuona nchi uliyokaa." Kisha akatoa mfukoni karatasi ndefu yenye mistari 10.

Karatasi ya safari 10

Karatasi ile ilikuwa tike ya treni kwa vijana wasiotimiza miaka 26. Wakati ule iliuzwa karibu euro 50 kwa safari 10, ni kusema karibu euro 5 kwa safari moja, kutoka kituo chochote cha Ubelgiji mpaka kingine, hata ukienda mwisho wa nchi. Kabla ya kupanda, unaandika wewe mwenyewe kwa bike: tarehe, kituo cha kutoka, kituo cha kufika. Ukisahau kuandika, mwenye kuangalia tike anakuhesabia kama mwizi. Leo majina na bei za tike vimebadilika, basi kijana anayekwenda sasa aulize kwanza kwenye kituo.

Ubelgiji ni nchi ndogo. Eneo lake lote ni kilometa za mraba kama 30 000. Kongo yetu inaingiza Ubelgiji karibu mara 77. Kutoka Brussels mpaka bahari kwa Ostende ni saa moja na robo tu. Mtu aliyezoea treni yetu ya Lubumbashi kwenda Ilebo, ambamo unabeba makaa na kuku juu hujui siku ya kufika, anacheka. Kule treni ikichelewa dakika 10, watu wanakasirika na kuangalia saa.

Desturi yetu ilikuwa hii: mkate na mayai ndani ya mfuko, chupa ya maji ya robine, hakuna kuingia restora. Karata ya kukaa na karata ya mwanafunzi mfukoni sikuzote. Na kurudi siku ile ile, juu kulala hoteli ni feza ya chakula cha juma mbili.

Matonge na unga wa bukari

Safari ya kwanza haikuwa ya kuangalia kitu kikubwa. Ilikuwa ya tumbo. Tulikwenda Brussels, mtaa wa Ixelles, karibu na mlango wa Namur, pale panapoitwa Matonge, jina la Matonge ya Kinshasa. Mule kuna duka za sombe, samaki wa chumvi, safu, kwanga, mafuta ya ngazi, na wenye kusuka nywele wanaokuita kutoka mlangoni. Lugha ni Lingala. Mimi mtu wa Katanga nilisalimia kwa Kiswahili, mama mmoja mwenye kuuza unga akashika kiuno: "Eh! Weye ni mutoto wa Lubumbashi? Nani alikutuma huku na baridi hii?" Akaniongezea kikombe kizima cha unga bila kulipa. Siku ile jioni nilisonga bukari katika jikoni ile tupu, na mwenzangu wa Burkina akala kwa mkono mpaka sufuria ikawa safi. Tangu siku ile nyumba haikuwa kimya tena siku za posho. Watu wa nchi zao walileta chakula chao.

Makaburi 7 ya Tervuren

Mwezi wa 3 wa 2012 tulipanda tramu namba 44 kutoka Montgomery. Inapita katika msitu wa miti mirefu, inafika Tervuren, pale ilipo nyumba kubwa ya ukumbusho wa Afrika ya Kati. Wakati ule ilikuwa ingali ya zamani. Waliifunga mwisho wa 2013 ili kuitengeneza, wakaifungua tena mwezi wa 12 wa 2018. Ndani niliona mtumbwi wa mti mmoja wenye zaidi ya metre 22. Niliona mawe ya kwetu ya kijani, malakiti, yamewekwa nyuma ya kioo na kuangaziwa taa. Jiwe kama lile, sisi watoto tulikuwa tunalitupia mbwa.

Lakini kilichonisimamisha kilikuwa nje, kando ya kanisa la Mtakatifu Yoane, katikati ya mji. Pale kuna makaburi 7 yaliyojipanga kwa mstari. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, Mfalme Leopold wa 2 aliagiza Wakongo 267 waletwe Tervuren. Waliwekwa katika vijiji vya kuonyeshwa kando ya maziwa ya bustani, na watu walikuja kuwatazama. Baridi ya nchi ikawashika. Watu 7 wakafa, hawakuona tena kwao. Majina yao yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Nilisoma majina yale kwa sauti ndogo. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mwenzangu alivua kofia.

Shaba ilikokwenda

Mwezi uliofuata nilikwenda Antwerpen. Kituo chake cha treni, kilichofunguliwa mwaka 1905, ni kizuri kupita makanisa mengi: mawe ya rangi, ngazi pana, saa ya dhahabu. Ukitoka tu, unakutana na duka za almasi. Ukitembea zaidi unafika kwenye mto Escaut, pale meli za Kongo zilipokuwa zinafunga kamba.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya mto, nikafikiri safari ya shaba yetu. Iliyeyushwa kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Ilipita katika treni mpaka Lobito, ao Beira, ao Dar es Salaam, ao kwa mto mpaka Matadi, kisha bahari. Hapa, katika jimbo hili la Antwerpen, kwa Hoboken na kwa Olen, walikuwa wanaisafisha. Kwa Olen pia, tangu 1922, walitoa radiumu katika mawe ya Shinkolobwe. Shuleni kwetu tulifunzwa ni tani ngapi zilitoka. Hatukufunzwa zilifika wapi. Sasa nilikuwa pale zilipofika, na tike ya euro 5 mkononi.

Kosa langu

Hapa lazima niwaambie ukweli, ndugu vijana, juu mtu anayesifu safari tu anadanganya.

Mwaka ule wa kwanza nilitembea kupita kipimo. Tena siku za posho nyingine nilikuwa natumika, juu sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni kutumika saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Nilipanga vitu katika duka, nikapata feza ya nyumba. Lakini kule wanafunzi wana wakati wanaouita blocus: juma kadhaa kabla ya mitihani, hakuna masomo, kila mtu anajifungia na kusoma. Wabelgi wanaoonekana wanacheza mwaka mzima, wakati ule hauwaoni. Mimi niliona ni likizo. Mwezi wa 1 wa 2012 nilikuwa nimekwisha kuanguka mtihani mmoja. Mwezi wa 6 nikaanguka wa pili, na 7 juu ya 20. Inatakiwa 10.

Nilipiga simu nyumbani siku ya Mungu. Lazima mjue namna tulivyokuwa tunaongea. Baba alichimba chini ya udongo miaka 26. Mashini ya kutoboa mawe ilimwondolea masikio. Basi mama alishika simu, na alichosema mtoto alikirudilia kwa sauti kubwa, hata majirani walisikia. Siku ile majirani wote walijua kama nimeanguka.

"Asema ameanguka mitihani mbili!"

Baba akajibu, nikasikia mwenyewe: "Muulize, alienda kule kusoma ao kuhesabu treni?"

Sikuwa na jibu. Nilirudilia mitihani yote mbili mwezi wa 8, nikapita. Lakini likizo yote ile nilikaa katika chumba changu, na mwaka wa pili nilijiwekea sheria: safari moja tu kwa mwezi, na hakuna safari wakati wa blocus. Njo maana safari ninayotaka kuwaeleza sasa karibu sikuifanya.

Marcinelle

Ilikuwa mwezi wa 10 wa 2012. Miezi mitatu mbele yake, magazeti yalikuwa yameandika kama UNESCO imeandika migodi 4 ya zamani ya Ubelgiji katika urithi wa dunia: Grand-Hornu, Bois-du-Luc, Blegny, na Bois du Cazier iliyo kwa Marcinelle, kando ya Charleroi. Nikasema: mimi mtoto wa mchimbaji, nimeona sanamu na makanisa, sijaona mgodi wao hata mmoja. Nikabadili treni kwa Ottignies, nikafika Charleroi, nikapanda basi.

Kabla ya kufika, moyo wangu uliruka. Kwa dirisha la treni nilianza kuona vilima vyeusi vyenye ncha, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa sawa vile kilima chetu cha Lubumbashi, kile cha masalio ya shaba karibu na shemine ndefu, ambacho tangu miaka ya 2000 wamekichimba tena kutafuta kobalti. Tofauti ni hii: vya Charleroi vimeota miti. Makaa yamekwisha, migodi imefungwa, na miti midogo myeupe imepanda mpaka juu.

Kwenye Bois du Cazier kuna minara miwili ya chuma juu ya mashimo, na mbele yake mlango wa vyuma. Mlango ule umejulikana dunia nzima, juu ya picha za wanawake wanaoushika kwa mikono na kungoja.

Niwaeleze kilichotokea. Baada ya vita, Ubelgiji ilikosa watu wa kuchimba makaa. Mwaka 1946 ilipatana na Italia: Italia inatoa watu, Ubelgiji inatoa makaa. Waitalia wengi wakaja kwa treni, na wengi wao wakawekwa katika kambi za vibanda ambamo zamani walifungwa watu wa vita. Niliposoma hayo nilikumbuka namna Union Minière ilivyokwenda kutafuta watu wa kazi mbali: Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Sisi wengi tunaosoma gazeti hili ni wajukuu wa watu waliofika kwa treni ya namna ile.

Tarehe 8 ya mwezi wa 8 wa 1956, asubui, watu 275 walikuwa chini. Saa 2 na dakika 10, kwa metre 975 chini ya udongo, kigari cha makaa hakikuingia vizuri katika kaji, lile sanduku la chuma linalopandisha watu na mizigo. Chini walifikiri moja, juu walifikiri lingine. Kaji ikapanda, kigari kikiwa kimetokeza nje. Kikapiga boriti, boriti ikakata kamba za umeme, na mpira wa mafuta, na mpira wa hewa. Moto ukawaka. Moshi ukafuata njia zote. Watu 13 tu walitoka wazima. Wengine walitafutwa juma mbili. Tarehe 23 mmoja wa waokoaji alipanda na kusema kwa kiitalia kama chini kuna maiti tu.

Wafu walikuwa 262, wa mataifa 12. Waitalia 136, Wabelgi 95, na wengine. Mgodi ulifungwa mwaka 1967. Kila mwaka tarehe ile, wanagonga kengele mara 262.

Mzee aliyetuongoza alikuwa mtu wa pale. Aliniuliza kwa upole: "Na wewe, kijana, unatoka wapi?" Nikasema: Katanga. Akauliza: "Baba yako anafanya kazi gani?" Nikasema: alikuwa mchimbaji, chini. Aliacha wengine waende mbele, akanipa mkono. Hakusema neno. Mkono wake ulikuwa na alama za buluu chini ya ngozi, sawa vile alama za baba yangu. Vumbi la mgodi likiingia katika kidonda, halitoki tena.

Kisha akanionyesha majina. Yote 262 yameandikwa pale. Mtu wa kuchimba, mtu wa kusukuma kigari, mkubwa wa kazi, bila kuchagua. Nilisimama kuyasoma mpaka basi la saa ile likanipita.

Karata ya simu

Siku ya Mungu nilinunua karata ya simu ya euro 5. Mama akashika, kama kawaida.

"Papa, jana nilienda ku mugodi."

"Asema alienda ku mugodi!"

Baba akakasirika: "Juu ya nini? Nilikutuma kule juu usiingie mu mugodi!"

"Hapana kutumika, papa. Ni kuangalia tu. Balifungaka zamani. Batu 262 balikufiaka mule siku moja, mu 1956. Na majina yabo yote balienda kuandika ku kibambazi."

Mama akarudilia. Kimya. Nilifikiri simu imekatika. Kisha nikasikia sauti ya baba karibu sana. Alikuwa amekamata simu yeye mwenyewe.

"Yote?"

"Yote, papa."

"Hata ya wageni? Hata ya bale ba kusukuma?"

"Yote."

Akakaa kidogo. Akasema: "Siye hatuna kibambazi. Kamata kalamu."

Ndugu wasomaji, mimi nilizaliwa katika nyumba ile. Nilijua kama baba alizika wenzake. Siku nyingine alirudi kazini, akakaa nje juu ya kiti mpaka usiku, na mama alituambia: msimsumbue. Hatukuuliza. Katika kambi watoto walikuwa wanafunzwa kutouliza. Miaka 26 ya kazi, na sikujua jina la mtu hata mmoja aliyekufa kando yake. Lakini majina 7 ya Tervuren niliyajua, na wafu wa Marcinelle nilijua hesabu yao.

Siku ile alinipa majina matatu. Kila jina na kijiji alikotoka, kazi aliyofanya chini, mwaka aliokufa, na jina la bibi yake. Mmoja aliangukiwa na jiwe saa ya kubadilisha zamu. Baba alikuwa amemwachia nafasi yake dakika chache mbele. Jambo hilo hata mama hakulijua. Jina la nne lilikatika katikati: feza ya karata ilikwisha.

Siku ya Mungu iliyofuata nilichelewa kupiga. Mama akaniambia: "Papa yako eko nangojea tangu asubui."

Tulifanya vile mwaka mzima. Sikuongeza safari, feza ya treni niliitia katika karata za simu. Siku nyingine alinipa jina moja, siku nyingine hakuna, alisema tu: "Leo sikumbuki, piga tena." Nilipotoka Ubelgiji mwezi wa 9 wa 2013, nilikuwa na diplome, na daftari yenye majina 19.

Nilichorudi nacho

Baba aliondoka katika dunia hii mwaka 2016. Katika matanga, usiku wa pili, mjomba aliniomba nisome daftari ile. Nilisoma polepole. Wajane watatu walikuwa pale katikati ya watu. Mmoja alisimama jina la bwana yake liliposomwa, akabaki amesimama mpaka mwisho. Asubui alikuja mwanaume wa umri wangu, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati baba yake alipokufa. Aliomba kunakili ukurasa mmoja. Alikuwa hajui baba yake alitumika kazi gani chini. Sasa anajua: alikuwa mwenye kusimamisha miti ya kushika dari, ili jiwe lisiangukie wenzake.

Wazazi wanaojikaza kutuma mtoto masomoni mbali, msiogope akitembea siku za posho, kama mitihani imelindwa. Kijana anayekaa chumbani miaka miwili anarudi na karatasi tu. Na ninyi vijana mnaokwenda, iwe Ubelgiji, iwe Afrika ya Kusini, iwe Kinshasa tu: masomo kwanza, treni nyuma. Msitembee kwa feza ya kukopa. Beba chakula chako. Ukifika mahali, usipige picha yako tu na kuondoka. Soma kilichoandikwa, uliza wazee wa pale.

Lakini wengi wanaosoma ukurasa huu hawatapanda ndege, na si lazima. Sisi tunaita siku ile siku ya posho juu wazee wetu walikuwa wanapokea posho ya juma. Wazee wale wangaliko wachache, Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi, Lubumbashi. Wamekaa mbele ya nyumba, masikio yao ni mazito, na hakuna anayewauliza. Daftari ya kurasa 48 inauzwa katika soko lolote, na bike pia. Siku ya posho inayokuja, chukua kiti, kaa karibu, na useme kwa sauti ya nguvu: "Papa, mulikuwaka na nani chini?"

Kisha andika.